Nani kaua? Siku Garissa ilipomdai afande ushahidi

Marehemu alipiga chafya.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye meza ya bwalo letu, uso ndani ya sahani ya pilau, amekufa kwa muda wa dakika kumi hivi. Wenzake walikuwa wamemzunguka wakilia machozi ya uongo. Kisha ule upepo wa alasiri wa Garissa, unaokuja na vumbi lake, ukaingia dirishani. Marehemu akavumilia, akavumilia, akashindwa. Chafya mbili, moja baada ya nyingine.

Nilidhani mchezo umeharibika. Wapi! Jamaa mmoja wa viti vya nyuma akapaza sauti: "Yarhamukallah!" Bwalo zima likalipuka. Watu waligonga meza, waliangukiana, mwalimu wa zamu akatoka nje kucheka kwa heshima. Marehemu naye, bila kuinua kichwa kutoka kwenye pilau, akajibu kwa sauti ya kaburini: "Asanteni, lakini mimi nimekufa."

Hiyo ilikuwa 2018. Nilikuwa kidato cha nne katika shule moja ya bweni hapa Garissa. Tangu siku hiyo nimetazama vichekesho vingi, vya jukwaani Nairobi na vya kwenye simu, na bado hakuna hadhira niliyoiona ikifanya kilichofanywa na hadhira yetu siku ile. Sio kwa sababu ya chafya. Chafya ilikuwa mwanzo tu.

WALIKUJA NA SETIBUKU, WAKATUACHIA MAITI

Kama ulisoma sekondari Kenya unaijua hii biashara. Kikundi cha waigizaji wanajaza matatu mabegi ya nguo, wanazunguka shule baada ya shule wakiigiza vitabu vya kutahiniwa ili watahiniwa wakumbuke nani alisema nini na kwa nini. Mwaka wetu ndio kwanza Kigogo cha Pauline Kea kilikuwa kinaingia KCSE, na upande wa Kiingereza kulikuwa na A Doll's House ya Henrik Ibsen. Kwa hivyo asubuhi tulimtazama Nora wa Norway akiwa na joto la Garissa mgongoni, na baada ya chakula cha mchana Majoka akaja kuitesa Sagamoyo.

Tulipiga makofi ya adabu. Wengine walikuwa wanaandika noti. Ni mtihani bana, utacheka aje?

Lakini vikundi hivi huwa na nyongeza. Ukishamaliza mambo ya silabasi, unawapa wanafunzi kichekesho kifupi cha kuwaaga, ndio mwaka ujao wamlilie mwalimu mkuu awaalike tena. Nyongeza yetu ilikuwa mchezo wa nani-kaua. Mwenye hoteli amekutwa amekufa ndani ya pilau yake mwenyewe. Washukiwa ni wanne: mpishi, mke mdogo, mlinzi wa usiku, na mwenye duka jirani ambaye hakupewa jina lolote isipokuwa "Wariya". Halafu kuna afande mpelelezi, tumbo la mto wa kulalia, daftari kubwa analolishika juu chini.

Hatukungoja afande aanze kazi. Kabla hajamhoji mtu hata mmoja, tayari kesi ilikuwa inasikizwa bwaloni. "Ni mke mdogo, mwangalie macho!" "Mpishi! Mpishi ameficha mkono!" Kijana wa kidato cha pili alisisitiza kwamba pilau ndiyo iliyoua na ishikwe yenyewe. Mwalimu wetu wa Kiswahili, aliyekuwa ametuonya asubuhi kwamba atakayepiga kelele ataosha sufuria wiki nzima, nilimwona kwa macho yangu amesimama juu ya benchi akiuliza: "Mlinzi! Mlinzi alikuwa wapi saa hizo?"

LONDON WANANYAMAZA, BOSTON WANAPIGA KURA

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo nadharia za drama waulize waliomaliza. Ila michezo ya aina hii nimeifuatilia, na kanuni yake ni nyepesi. Mtu mmoja amekufa. Watu kadhaa wako mahali pamoja, hakuna anayeweza kutoka. Kila mmoja ana sababu ya kumchukia marehemu. Mpelelezi anawachambua mmoja mmoja mpaka anabaki mwenye kosa. Ongeza vichekesho, na hata mtu anayeogopa maiti atanunua tiketi.

Mfalme wa michezo hii ni The Mousetrap wa Agatha Christie. Ulifunguliwa London Novemba 1952 na ukaendelea kuchezwa mpaka Machi 2020, korona ilipofunga kumbi. Mei 2021 ukarudi. Karibu miaka 70 ya kuuliza swali lilelile kila usiku! Huko watazamaji wanakaa kimya, na mchezo ukiisha waigizaji wanawaomba kitu kimoja: msimwambie mtu muuaji ni nani. Watu wa London wana utani wao wa zamani kwamba ukimnyima dereva wa teksi bakshishi ukishuka mlangoni, anakuambia muuaji palepale, tiketi yako inakuwa hasara.

Marekani wamechukua njia nyingine. Kuna mchezo unaitwa Shear Madness, uliotokana na kazi ya Mjerumani Paul Pörtner, ulioanza kuchezwa Boston 1980 na kuingia Kennedy Center kule Washington 1987. Mambo yote yanatokea ndani ya saluni. Katikati ya mchezo taa za ukumbini zinawashwa, watazamaji wanawahoji washukiwa, wakidanganya wanasahihishwa, kisha inapigwa kura. Atakayechaguliwa na wengi ndiye muuaji wa usiku huo. Kesho anaweza kuwa mwingine.

Sisi hatukuwa tumesikia habari za Boston. Lakini kwetu kesi husikizwa chini ya mti. Wazee wanakaa, mlalamishi anasema, mlalamikiwa anasema, na hata aliyekuwa anapita tu na ngamia wake akiwa na neno atasikizwa. Mtoto aliyekulia karibu na vikao hivyo ukimwambia "kuna maiti hapa na washukiwa wanne", halafu umtake anyamaze, unamwonea.

"KITAMBULISHO!"

Sasa sikiza palipogeuka.

Afande alikuwa amewahoji wote wanne bila mafanikio. Mke mdogo alimlilia, mpishi akamlisha, mlinzi akalala katikati ya swali. Wariya alipoitwa, tulikuwa tumeshaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Mwigizaji alikuwa amejifunga macawis kiunoni kama taulo, na alipoongea akatuletea ile lafudhi ambayo wachekeshaji wa Nairobi wameikodi kwetu bila kulipa: "Afande, mimi hakuna kula bilau, mimi nauza sukari tu!" Ni kweli Kisomali hakina sauti ya "p", kwa hivyo pilau ni bilau na polisi ni bolisi. Hilo halikutuuma. Kilichotuchekesha ni kwamba alikuwa anaikosea hiyo lafudhi. Kijana mmoja wa mbele alimsahihisha mara mbili, "Walaal, sio hivyo, ivute kidogo," na mwigizaji akajaribu tena. Tukampigia makofi.

Afande akakasirika kwa kuwa hana jibu. Akashuka jukwaani, maana yake alishuka kutoka kwenye meza mbili zilizounganishwa, akatukabili sisi tuliokaa, akanyoosha kidole: "Na nyinyi je? Kitambulisho!"

Hapo nilisikia kicheko ambacho sijakisikia tena. Hakikuwa cha utani wa kawaida. Ni kile kicheko cha mtu aliyefumaniwa. Wavulana walianza kujipapasa mifukoni. Benchi moja zima lilisimama likajipanga mstari bila kuambiwa, mikono mbele, kama abiria. Mwingine alisema kwa sauti ya unyenyekevu, "Afande, kiko kwa hooyo," na tukalia machozi. Yule mwigizaji alisahau maneno yake. Alikuwa ametupa mstari wa kawaida, umemrudia mzito.

Ukipanda basi kutoka Garissa kwenda Nairobi, kama kilomita 370, utaelewa. Basi linasimama kizuizini, mnashuka, mnajipanga, kila mtu na kitambulisho mkononi, mnapanda. Mbele kidogo tena hivyohivyo. Na kukipata chenyewe ilikuwa safari nyingine: kwa miongo mingi kijana wa Kaskazini Mashariki alipigwa msasa wa ziada na kamati kabla ya kuandikishwa, wakati mwenzake wa kaunti nyingine alijaza fomu tu. Msasa huo ulitangazwa kuondolewa Februari 2025, Rais William Ruto alipokuwa Wajir. Sisi wa 2018 hatukuwa na bahati hiyo. Wengi bwaloni walikuwa na miaka 17 au 18, ndio wanakaribia foleni.

Kwa hivyo mtu wa kwingine akimsikia polisi wa jukwaani akidai kitambulisho anaona kituko. Sisi tuliona Jumatatu.

"NYOTE MNA HATIA"

Afande alipopata pumzi akarudi juu ya meza zake. Hasira zimempanda, daftari bado liko juu chini. Akafoka: "Basi! Kwa kuwa mmekataa kusema ukweli, nyote mna hatia! Mpishi, mke, mlinzi, Wariya, na hawa wote waliokaa hapa. Nyote mko chini ya ulinzi. Twende!"

Akangoja kicheko.

Hakikuja. Naambiwa ukimya una aina zake. Huu ulikuwa wa watu mia tatu waliokumbuka kitu kimoja kwa wakati mmoja bila mtu kukitaja. Nilisikia mabati yakilia kwa joto. Nilimwona yule mwalimu wa benchi akishuka polepole na kukaa. Waigizaji waliangaliana. Hata marehemu aliinua jicho.

Kisha sauti ndogo, ya kidato cha kwanza, haijavunjika bado, ikauliza kutoka kona ya kushoto: "Ushahidi uko wapi?"

Mtu akacheka. Mwingine akarudia: "Eeh, ushahidi!" Kabla afande hajajibu, bwalo lilikuwa linapiga meza kwa mdundo mmoja: U-sha-hi-di! U-sha-hi-di! Vikombe vya plastiki vinaruka. Nilikuwa nimepiga makelele mengi katika maisha yangu ya shule, kwenye mpira, kwenye mgomo mmoja ambao sitauongelea, lakini hayo yalikuwa makelele ya kwanza niliyopiga nikiwa najua naomba nini.

Mwigizaji yule alikuwa fundi. Mwingine angetoroka. Yeye alitoa kofia, akakuna kichwa, akamwita yule mdogo: "Kijana, njoo. Leo wewe ndiye wakili." Mtoto akapandishwa juu ya meza, kaptura inamfika chini ya magoti, na akaanza kuhoji. Aliuliza nani alipika. Aliuliza nani alipakua. Aliuliza kwa nini marehemu alikula peke yake wakati wageni walikuwepo, swali ambalo kwetu ni zito kuliko unavyodhani, kwa sababu mtu anayekula nyama peke yake na wageni wako mlangoni ana maadui wengi. Kila jibu, bwalo liliamua: "Anadanganya!" au "Mwache, endelea!" Mke mdogo aliachiliwa. Mlinzi akaachiliwa kwa kuwa alikuwa amelala, na mashahidi wa hilo tulikuwa sisi. Mmoja mmoja, mpaka akabaki mmoja.

Tulipomjua muuaji tulishangilia kama timu yetu imeshinda fainali.

CHAI NYUMA YA BWALO

Nilikuwa kwenye kamati ya burudani, kwa hivyo nilipata kuwapelekea waigizaji chai. Walikuwa wamekaa nyuma ya bwalo, wamelowa jasho, afande ameutoa mto tumboni anaupepea uso. Akaniambia: "Ndugu yangu, ile 'nyote mna hatia' ndipo huwa tunapata kicheko kikubwa kuliko vyote. Kila shule. Leo nilidhani nimetukana mama wa mtu."

Halafu akasema kitu ambacho nimekaa nacho miaka yote hii. Kwenye mchezo wao, muuaji huwa ni Wariya. Alimwekea mwenye hoteli sumu kwa sababu ya deni la sukari. Ndio mwisho wanaoucheza kila mahali, na watu wanaupenda kwa sababu wanakuwa wamemshuku tangu alipoingia na lafudhi yake. Lakini yule mtoto alipokuwa juu ya meza anauliza, afande aliangalia bwalo, akakohoa mara mbili, na kwa kikundi chao kukohoa mara mbili ni ishara kwamba mwisho unabadilika. Muuaji mpya alijijua hapohapo. Walivumbua kila kitu wakiwa jukwaani.

"Mlituogopa?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Nilimwangalia yule kijana, nikaona nikimletea Wariya atauliza ushahidi tena. Na mimi ushahidi sina. Sijawahi kuwa nao. Tuliandika tu lafudhi."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimmiminia chai nyingine.

AYEEYO NA KANDA ZA RIWAAYAD

Likizo ilipofika nilimsimulia ayeeyo, nyanya yangu. Kwenye chafya alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia sisi watoto wa siku hizi tunadhani mchezo wa jukwaani umeletwa na shule. Enzi zake, anasema, mtu akija na kanda ya riwaayad kutoka Mogadishu, nyumba inajaa. Hamwoni waigizaji, mnawasikia tu, na bado mnamkanya tapeli asimwoe binti wa watu.

Hajakosea. Riwaayad ni mchezo wa Kisomali wa jukwaani, mazungumzo yake mengi ni mashairi, na nyimbo zake zilichezwa redioni miaka baada ya mchezo wenyewe kusahaulika. Walikuwepo Walaalaha Hargeysa, wakaja Waaberi wa Mogadishu, na 1967 jiji hilo likapata jumba la taifa la maigizo lililojengwa kwa msaada wa China. Kwa kuwa Kisomali kilipata maandishi rasmi 1972 tu, waigizaji wa mwanzo walizibeba tamthilia nzima kichwani. Shabeelnaagood ya Hassan Sheikh Mumin, inayojulikana hata nje kwa sababu B.W. Andrzejewski aliitafsiri kwa Kiingereza na kuichapisha 1974, ni kuhusu laghai anayewahadaa wanawake kwa ahadi za ndoa. Hapo hadhira inamjua mkosaji tangu mwanzo, anayedanganywa ndiye hajui, na raha ni kumpigia kelele. Mchezo wa nani-kaua umegeuza hiyo raha: kelele ni zilezile ila hakuna aliye na uhakika.

Jumba lile la Mogadishu lilinyamaza vita vilipozuka 1991. Lilifunguliwa tena Machi 2012, na mwezi uliofuata mlipuaji wa kujitoa mhanga akaua watu ndani yake, wakiwemo wakuu wa michezo wa nchi. Mpaka Septemba 2021 ndipo filamu ikaonyeshwa humo tena. Watu walienda. Nawafikiria sana watu hao waliokata tiketi.

Nilipofika kwenye "nyote mna hatia", ayeeyo aliacha kumimina chai. Akauliza, "Alisema hivyo? Mbele ya watoto?" Nikasema ndiyo, lakini ni vichekesho. Akasema, "Haya." Hakuongeza.

Yeye alikuwa Garissa Novemba 1980. Hajawahi kunisimulia na sijawahi kumshinikiza. Niliyoyajua niliyasoma mwenyewe, mengi yako kwenye ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013. Maafisa wa serikali waliuawa kwa risasi mjini. Aliyetafutwa alijulikana kwa jina. Kilichofuata ni mtaa wa Bulla Kartasi kuchomwa, na wakazi kukusanywa kwenye uwanja wa Shule ya Msingi ya Garissa na kushikiliwa humo kwa siku kadhaa. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo. Wazee wanaiita Gubai, maana yake kuungua. Februari 1984 ikaja zamu ya Wajir, wanaume wakakusanywa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla. Na Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Nairobi na uwanja wa Kasarani ukageuzwa kituo cha kuwachuja.

Kila mara palikuwa na swali la haki kabisa: nani kaua? Hata sisi tunalo. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na hakuna mtu wa mji huu anayetaka swali hilo lipotezwe. Tatizo ni jibu. Jibu limekuwa likitoka kama la afande wa mto tumboni.

Nijibiwe pia kwa upande wetu, kwa sababu kuna msomaji Msomali anasema moyoni: na sisi je, si mtu mmoja akiua ukoo mzima unalipa diya? Kweli. Xeer, sheria yetu ya jadi, inafanya hivyo. Lakini nilimuuliza mzee mmoja anayekaa kwenye vikao hivyo. Aliniambia: kulipa tunalipa pamoja, ila kwanza wazee lazima wajue ni mkono wa nani. Bila hilo hakuna kikao, kuna kisasi tu.

NANI ATAKUJA TENA?

Ninaandika haya kwa sababu vikundi kama kile vimekuwa adimu huku. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, hapa kaunti ya Garissa, na tume ya TSC ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Darasa likikosa mwalimu wa fizikia, ni nani atapigia simu waigizaji? Mwenye matatu ya mabegi naye ana watoto. Simlaumu. Na biashara yenyewe ya setibuku inaelekea kubadilika, maana KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 ni 2027.

Utasema: si kuna simu? Kuna. Vijana wa hapa wanarekodi vichekesho vikali kwa Kisomali na Kiswahili, na mimi mwenyewe nawapigia debe kila wiki. Lakini simu unaicheka peke yako chini ya shuka. Mtu akifanya lafudhi ya Wariya kwenye simu, unaweza kuandika maneno makali ukalala. Huwezi kumfanya akohoe mara mbili.

Aprili 2025 wasichana wa Butere walipanda jukwaani Nakuru, kwenye tamasha za kitaifa za drama, na mchezo wao wa Echoes of War uliokuwa umezua kelele nchi nzima. Walipoona hawana hadhira mbele yao, waliimba wimbo wa taifa wakaondoka. Watu wengi waliongea siasa. Mimi niliwaelewa kwa njia nyingine. Maneno yote walikuwa nayo, mavazi walikuwa nayo. Walikosa wale watu wa kupiga meza.

Hatuhitaji jumba la kifahari. Bwalo linatosha, uwanja wa shule unatosha, ukumbi wa harusi siku ambayo hakuna harusi unatosha kabisa. Shule za hapa zina vilabu vya drama vinavyosubiri Machi na tamasha ndio viamke. Mchezo wa nani-kaua unahitaji watu sita, sahani moja, na mtu mwenye kifua cha kukaa kimya kwenye vumbi. Andikeni wa kwetu. Maiti awe mwenye hoteli, awe broka wa mbuzi, awe mwanasiasa aliyeahidi maji. Afande awepo, tafadhali, na daftari lake.

Yule wakili wa kidato cha kwanza nilikutana naye mwaka huu Soko Mugdi, ana ndevu sasa, anauza simu. Nilimkumbusha. Alicheka, akasema watu bado wanamwita Ushahidi, na kwamba mteja akimwambia simu aliyonunua imeharibika yenyewe, analijua swali la kuuliza.

Nikamuuliza kama amewahi kumwambia mtu muuaji alikuwa nani. Akashtuka. Waigizaji walikuwa wametuomba, kabla ya kupanda matatu yao, tusiseme, ndio shule za mbele zisiharibikiwe na mchezo. Ni miaka saba. Kikundi chetu cha WhatsApp cha darasa kimetoboa siri za kila aina, za mitihani, za ndoa, za madeni. Hiyo hakuna aliyeitoboa. Kwa hivyo nami sitaitoboa hapa.

Nitakuambia tu kwamba hakuwa Wariya, na kwamba alikuwa mmoja.